GCC, Clang, TCC au Turbo C: kompaila ipi ya kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza?

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya C hukaa na mhadhiri wake saa chache kwa wiki. Na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa, hukaa kila usiku. Ikifika saa sita usiku, programu imegoma na kazi inakusanywa asubuhi, anayemjibu si mhadhiri wala msaidizi wa maabara. Ni kompaila peke yake. Ndiyo maana naona idara inapochagua kompaila ya kufundishia inaajiri mwalimu wa pili, na mwalimu huyo atakaa na mwanafunzi kuliko sisi tunaosimama darasani.

Vikao vya idara huuliza zaidi mambo mengine: ipi ya bure, ipi ina kasi, ipi tumeizoea. Suala la bei halitutenganishi, kwa sababu GCC, Clang na TCC zote ni huria. Kasi nayo haina uzito hapa, maana kazi ya mwaka wa kwanza ni mistari 50 au 100, na kompaila yoyote huimaliza kufumba na kufumbua. Mazoea nitayajadili mbele kidogo. Kipimo changu ni hiki: mwanafunzi akikosea, kompaila inamwambia nini, na inamwambia mapema kiasi gani?

Nne zilizo mezani

GCC ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987 katika mradi wa GNU. Ndiyo iliyoenea zaidi kwenye Linux, na vitabu na masomo mengi ya C mtandaoni huichukulia kuwa ndiyo unayotumia. Clang imejengwa juu ya LLVM, mradi wa zana za kujengea kompaila ambao Chris Lattner aliuanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Clang yenyewe ilianzia Apple, na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2007. TCC (Tiny C Compiler) ni kazi ya Mfaransa Fabrice Bellard, ndogo ajabu, na ilichipuka kutoka programu yake iliyoshinda shindano la kuandika C isiyosomeka la mwaka 2001. Turbo C ilitoka Borland mwaka 1987, mwaka uleule wa GCC, na toleo la Turbo C++ 3.0 la DOS bado linaendeshwa kwenye maabara zaidi ya unavyodhani.

Dev-C++ na Code::Blocks sijaziweka mezani kwa sababu si kompaila. Ni madirisha ya kuandikia msimbo, na kompaila iliyofichwa ndani yake kwa kawaida ni GCC. Wanafunzi huchanganya vitu hivi viwili, na si kosa lao: mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Kompaila ya Microsoft pia nimeiacha. Ni nzuri kwa kazi za Windows, lakini Visual Studio hula gigabaiti nyingi za diski, na mwanafunzi akiandika `scanf` kama alivyofundishwa, inamkemea kwamba fanksheni hiyo si salama na kumwelekeza kwenye `scanf_s`, ambayo hataikuta kwenye kompyuta ya mwenzake mwenye Linux.

Akikosea, anaambiwa nini?

Chukua kosa la kwanza la kila mwanafunzi, kusahau nukta mkato:

```
jumla = a + b
printf("%d\n", jumla);
```

Clang husema `expected ';' after expression` na kuweka alama mwishoni mwa mstari wa kwanza, mahali hasa nukta mkato inapotakiwa. GCC husema `expected ';' before 'printf'`. Kimantiki ni jambo moja, lakini anayeanza hasomi hivyo. Akiona neno `printf`, macho yake yanakwenda kwenye `printf`, anaufuta mstari ambao hauna kosa lolote na kuuandika upya, kisha anashangaa kosa liko palepale. GCC za zamani zilizidisha tatizo kwa kutaja namba ya mstari wa pili. Kuanzia GCC 8 ya mwaka 2018 alama huwekwa mwishoni mwa mstari wa kwanza na nukta mkato inayokosekana huonyeshwa. TCC bado hunyooshea kidole mstari wa pili. Turbo C husema `Statement missing ;`, maneno mafupi yanayoeleweka. Nampa Borland haki yake hapo.

Sasa kosa la pili, ambalo kwangu ndilo linalotenganisha mchele na chuya:

```
int umri;
scanf("%d", umri);
```

Alama ya `&` imesahaulika. Msimbo huu unakompailika, na mtumiaji akiandika 19 programu inaanguka, pengine bila neno lolote la maana. Clang hutoa onyo hata usipoipa swichi yoyote, yaani neno la ziada kwenye amri: `%d` inataka anwani ya namba, wewe umeipa namba yenyewe. GCC inalijua kosa hilo vilevile, lakini ilivyo kiasili hunyamaza mpaka uweke `-Wall`, swichi ya kuwasha maonyo (GCC ya Ubuntu imewashiwa onyo hili na watengenezaji wake). TCC na Turbo C haziyalinganishi kabisa yaliyomo kwenye nukuu na vigeu vinavyofuata.

Kosa la tatu, `if (x = 5)` badala ya `if (x == 5)`: Clang huonya bila kuambiwa, GCC huonya ukiweka `-Wall`. Turbo C nayo huonya, `Possibly incorrect assignment`, jambo linaloonyesha kwamba watu wa Borland waliwafikiria wanaojifunza tangu enzi hizo.

Nimetaja `-Wall` mara mbili, na hapo ndipo penye hoja yangu. Ukiwa na `-Wall -Wextra`, GCC ya leo na Clang zinakaribiana sana. Zote humwambia aliyeandika `wastni` kwamba huenda alikusudia `wastani`. Zote huonya pale mistari miwili imejongezwa chini ya `if` isiyo na mabano, wakati ni mmoja tu ulio ndani ya sharti. Tofauti iko kwa mwanafunzi aliyesahau swichi, na mwanafunzi wa wiki ya tatu husahau. GCC humnyamazia mambo ambayo Clang humwambia. Mwalimu anayengoja kuulizwa hamfai mtu ambaye bado hajui cha kuuliza.

TCC ina udhaifu mmoja zaidi: hukoma kwenye kosa la kwanza. Wapo wahadhiri wanaopenda hivyo, wakisema makosa 30 kwa mpigo yanamtisha mtoto. Nawaelewa, lakini dawa yake ni kumfundisha mwanafunzi arekebishe kosa la juu kabisa kisha akompaili upya, si kumnyima taarifa.

Kosa ambalo kompaila hupitisha

Makosa mabaya zaidi ya C ni yale yanayokompailika vizuri na kutoa jibu. Kwa mfano safu yenye nafasi tano:

```
int alama[5];
for (int i = 0; i <= 5; i++)
    alama[i] = 0;
```

Kitanzi hiki kinaandika mara sita. Ile ya sita inaangukia kumbukumbu isiyo yake. Siku moja inafuta kigeu cha jirani, siku nyingine haifanyi lolote linaloonekana, na siku ya kusahihisha inaanguka kwenye kompyuta ya mhadhiri. Mwanafunzi anakuja akilalamika, "Lakini kwangu ilikuwa inafanya kazi, mwalimu." Na anasema kweli.

Hapa GCC na Clang ziko daraja lao. Ukiweka `-g -fsanitize=address`, programu inapovuka mpaka wa safu inasimamishwa papo hapo na kukutajia mstari. Kipengele hiki, AddressSanitizer, kimo ndani ya Clang tangu mwaka 2012 na ndani ya GCC tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013. Kiwashwe tangu wiki ya kwanza ya safu. Kukisubirisha hadi mwaka wa pili, kama kozi nyingi zinavyofanya, ni kumwacha mwanafunzi mwaka mzima akiamini kwamba C ni lugha ya bahati.

Ndugu yake, `-fsanitize=undefined`, hukamata kufurika kwa namba. Mpe mwanafunzi kazi ya faktoria kwa kutumia `int`. Faktoria ya 12 ni 479001600, inaingia. Ya 13 ni 6227020800, haiingii, na bila ukaguzi programu itachapisha 1932053504 kwa utulivu kabisa. Ukiwasha ukaguzi unaambiwa kwamba 479001600 mara 13 haiwezi kubebwa na `int`. Nimeona sura za wanafunzi zikibadilika kwa mstari huo mmoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanaelewa kwamba `int` ni debe lenye ukubwa wake.

Kwenye Turbo C mambo ni mabaya zaidi. `int` yake ni ya biti 16, mwisho wake 32767. Faktoria ya 8, ambayo ni 40320, inatoka ikiwa -25216. Mwanafunzi hana pa kuuliza kwa nini, na akilinganisha na mwenzake mwenye GCC anadhani mmoja wao ameandika vibaya.

Clang inaizidi GCC kwa jambo moja la aina hii: ina MemorySanitizer, inayokamata programu inayotegemea kigeu ambacho hakijapewa thamani. Lile kosa la `int jumla;` bila `= 0` kabla ya kitanzi, linalotoa jibu sahihi kwenye kompyuta moja na takataka kwenye nyingine, Clang inalikamata programu ikiendeshwa kwenye Linux. GCC hainayo. GCC kwa upande wake ina `-fanalyzer`, tangu toleo la 10 la mwaka 2020, inayofuata njia za programu bila kuiendesha na kutaja kumbukumbu iliyoachiwa mara mbili au isiyoachiwa kabisa. Kwa mwaka wa pili, wanapofika kwenye `malloc` na orodha zilizounganishwa, hiyo ni silaha ya kweli.

TCC ina swichi ya `-b` inayokagua mipaka ya safu, na kwa kitu kidogo hivyo ni jambo la kupongezwa, lakini haiwafikii hawa wawili kwa upana wa makosa inayokamata.

Kompyuta aliyo nayo mwanafunzi

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu ana Linux. Maabara inaweza kuwa nayo, lakini kazi za nyumbani hufanyika kwenye kompyuta mpakato yenye Windows, kwenye Mac ya wachache, na kwenye simu. Ndiyo, simu. Kwenye darasa langu wapo walioandika kazi za muhula mzima kwa simu ya Android ndani ya Termux, programu inayoipa simu mazingira ya amri kama ya Linux, na hawakushika mkia.

Termux ilinishtua kwa jambo moja. Kompaila ya C unayopewa humo ni Clang. Ukiandika `gcc`, inayojibu ni Clang. Kwenye Mac ni vilevile: amri ya `gcc` iliyokuja na zana za Apple ni Clang iliyovaa jina la mwenzake, na ukiandika `gcc --version` utaona. Kwa hiyo idara inayotangaza "tunatumia GCC" tayari ina wanafunzi wa Clang bila kujua, na ujumbe wa makosa kwenye kitini haufanani na walio nao kwenye skrini.

Windows ndiyo ngumu zaidi. GCC ya Windows, yaani MinGW, haina AddressSanitizer. Silaha niliyoisifu hapo juu haipo, na mwanafunzi akiiandika swichi hiyo hukutana na kosa la kuunganisha asilolielewa. Njia ni mbili: kusakinisha Linux ndani ya Windows kwa WSL, au kutumia Clang ya MSYS2, mkusanyiko wa zana za programu kwa Windows, katika mazingira yake ya CLANG64, ambako ukaguzi huo upo. Zote zinakula bando, mamia ya megabaiti na zaidi. Idara inayojali iweke mafaili hayo kwenye seva ya ndani au kwenye flashi zinazozunguka darasani wiki ya kwanza. Kumwambia mwanafunzi apakue mwenyewe ni kumtoza ada ambayo haimo kwenye orodha ya ada.

Hapa ndipo TCC inapong'aa. Toleo lake la 0.9.27 la Windows, la Desemba 2017, halifiki hata megabaiti 1. Linaenezwa kwa WhatsApp, linafunguliwa, linafanya kazi bila kusakinishwa. Kwa `tcc -run salamu.c` programu inakompailiwa na kuendeshwa kwa amri moja. Na kasi yake si hadithi: mwaka 2004 Bellard alionyesha TCC ikikompaili kernel ya Linux kompyuta inapowashwa, kwa sekunde 15 hivi, kwenye Pentium 4. Mwenye kompyuta ya kumbukumbu ndogo sana aanze nayo, ilimradi kazi yake ipitishwe kwenye kompaila kubwa kabla ya kukusanywa.

Mazoea, na vitini vya zamani

Turbo C++ 3.0 ni programu ya biti 16, na Windows ya biti 64 haiwezi kuiendesha. Kinachofanyika ni kuifunga ndani ya DOSBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli, ili mwanafunzi wa leo aandike majina ya faili yasiyozidi herufi 8. Naelewa kwa nini watu wameing'ang'ania. Kihariri, kompaila na kitafuta makosa vimo katika dirisha moja la bluu, unabonyeza F7 unaenda mstari kwa mstari ukiangalia vigeu vikibadilika, na `graphics.h` inamwezesha mwanafunzi kuchora duara siku ya pili. Hayo ni mema ya kweli ya ufundishaji, na tunapoiacha tuna wajibu wa kuyarudisha kwa zana nyingine, hasa hiyo F7.

Lakini inafundisha C iliyokwisha. `clrscr()`, `void main()`, vigeu vyote vitangazwe juu ya bloku, na `gets()`. Hiyo `gets` ilikuwa mojawapo ya milango iliyotumiwa na mnyoo wa Morris, programu hasidi iliyojieneza na kuangusha maelfu ya kompyuta za intaneti mwaka 1988, na kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliiondoa kabisa. Mhitimu akiipeleka kazini atakuwa amebeba ufunguo wa mwizi.

Mwenye GCC naye asilale. Dev-C++ 5.11 ya mwaka 2015 ina GCC 4.9.2 ndani, ambayo kwa faili la `.c` hukataa `for (int i = 0; ...)` kwa sababu bado inafuata C ya mwaka 1990. Upande wa pili, Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 zimegeuza kuita fanksheni isiyotangazwa kutoka onyo kuwa kosa, na GCC 15 ya mwaka 2025 inafuata C23, kiwango kipya cha C, ambamo `bool` ni neno la lugha. Kitini chenye `typedef int bool;` kilichofanya kazi miaka 15 sasa kinagoma. Ni mabadiliko mazuri, ila darasa lenye matoleo manne tofauti litapoteza wiki nzima likibishana. Andika `-std=c11`, yaani kiwango kile cha mwaka 2011, kwenye kila amri ya kozi, na sehemu kubwa ya ubishi huo itakwisha.

Lugha ya ujumbe

Mwanafunzi wetu husoma ujumbe wa kosa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kisichofanana na cha darasani. GCC imejengwa ili ujumbe wake utafsirike, na upo kwa Kiindonesia, Kivietinamu na Kituruki; Kiswahili hakimo. Clang haina hata mlango huo uliokamilika. Kwa hiyo hapa GCC inaongoza kwa uwezekano, si kwa faida ya leo. Mpaka wanafunzi wetu wa lugha na wa kompyuta wakae pamoja kuitafsiri, kitini cha kurasa mbili chenye makosa 20 ya kawaida, kila moja limeelezwa kwa Kiswahili na mfano, kinafanya kazi kubwa. Kiandike kwa ujumbe wa kompaila mliyoichagua, neno kwa neno, ili mwanafunzi aweze kuutafuta.

Ningechagua hivi

Kwa mwaka wa kwanza, Clang. Inasema bila kuulizwa, inaweka alama mahali penye kosa, ndiyo hiyohiyo kwenye simu, Mac na Linux, na kwenye Windows haimnyimi mwanafunzi ukaguzi wa kumbukumbu. Amri ya kozi iwe moja, ichapishwe juu ya kila karatasi ya kazi:

```
clang -std=c11 -Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined kazi1.c -o kazi1
```

Mwenye Termux, ukaguzi wa sehemu ya mwisho ukimgomea auondoe, na kazi yake ipitishwe tena kwenye kompyuta ya maabara kabla ya alama.

Kama maabara yenu ni ya Ubuntu na GCC imo tayari na fundi ni mmoja, bakini na GCC kwa swichi hizohizo, mtapoteza kidogo. Kwa mwaka wa pili na kozi za mifumo au vidhibiti vidogo, hamieni GCC kwa makusudi na muwashe `-fanalyzer`. Kwa kusahihisha tumieni zote mbili: kazi inayotoa majibu tofauti kwenye GCC na Clang karibu kila mara ina kigeu kisichopewa thamani au safu iliyovukwa, na mwanafunzi aonyeshwe tofauti hiyo badala ya kukatwa alama kimyakimya.

TCC ibaki kwa mwenye bando dogo na mashine dhaifu. Turbo C iondolewe kwenye mtihani wa vitendo kwanza, kabla ya kuondolewa kwenye kompyuta, kwa sababu kinachoirudisha kila mwaka ni mtihani: mwanafunzi atasomea kompaila atakayopimwa nayo.